Mwaka Niliojifunza Kusimama Wima

Mwalimu Lukas tulimzika Kahama, siku ya Jumanne, na kwa kuwa walimu wenzake wa zamani tuliobaki ni wachache, na wengi wetu magoti yameshagoma, mimi ndiye niliyeombwa kusema neno juu yake. Nilisimama bila karatasi. Nilinyamaza kwanza, kama kawaida yangu, mpaka mtu wa mwisho kule pembeni mwa turubai akaacha maongezi yake, kisha nikaanza kwa sauti ya chini inayowalazimisha watu wainame mbele kuisikiliza. Baadaye, tukiwa kwenye foleni ya chakula, binti mmoja anayefundisha shule ya msingi huko Katoro alinisogelea. "Shikamoo mwalimu," akasema, "hivi ulijifunzia wapi kusimama hivyo? Mimi nikisimama mbele ya watu nakufa." Nikamjibu kwa utani kwamba ni chaki, mwanangu, ukila vumbi la chaki miaka thelathini na kitu hata mgongo unanyooka wenyewe. Akacheka, akaenda kuchukua pilau yake. Tangu siku hiyo jibu lile limenikaa kooni. Aliyenifundisha kusimama ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia, na mwaka alionifundisha alikufa mtu ambaye mimi ningeweza kumwokoa kwa neno moja.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Serikali ilikuwa imesema kila mtoto aende shule, na walimu hawakuwepo, basi sisi tuliomaliza darasa la saba juzi tukaokotwa, tukapewa vitabu vya mafunzo kwa njia ya posta na redio ya kusikilizia masomo, tukaambiwa tufundishe huku tukijifunza. Mimi nilipelekwa kijiji kimoja kati ya Kahama na Ushirombo. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu watu wa pale wahamishwe kutoka kwenye miji yao ya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba, kati yao ua wa minyaa uliokuwa bado mchanga, haujashonana. Watu waliozoea kuishi mbali hata moshi wa jirani hawauoni, sasa walikuwa wakisikia kikohozi cha kila mmoja. Jirani akikaanga karanga, ulijua kama zimeungua. Hakuna aliyekuwa amezoea, na kila kilichosikika upande wa pili kilijadiliwa kisimani kesho yake.

Nilipangiwa chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Minza, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa ameolewa upande wa Ushirombo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, debe nililoligeuza meza, na kipande cha kioo nilichokichomeka kwenye udongo wa ukuta. Mama Minza alikuwa mtu wa maneno machache sana, na yote ya Kisukuma. Kiswahili alikijua cha kuitikia salamu tu. Kuni kule zilikuwa za shida, kwa hiyo alipikia miti ya pamba iliyokauka na mavi ya ng'ombe, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya macho yake yawe mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Alipika ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde, akaunga kwa karanga alizozisaga mwenyewe, na asubuhi aliniwekea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kibakuli nile nikienda. Mimi mtoto wa Kisumbwa nilikuwa nikimwelewa vizuri, na yeye alinielewa nikiongea polepole. Sijawahi tangu hapo kuishi na mtu aliyeniuliza mambo machache vile na kunijua kiasi kile.

Shuleni nilikuwa sifai. Nilikuwa na watoto zaidi ya sabini wa darasa la pili wamekaa chini sakafuni, na hakuna hata mmoja aliyejua kama nimeingia. Nilikuwa nimelelewa hivi: msichana mwenye adabu anatazama chini, anaongea kwa sauti ya kumsikia aliye karibu tu, na mbele ya mkubwa anapiga magoti. Nilikwenda na adabu hiyo hiyo darasani. Niliongea na ubao. Wakati naandika walikuwa wakirushiana maganda ya karanga, na nikigeuka waliendelea. Siku moja Mwalimu Lukas, mwalimu mkuu wetu, alisimama dirishani muda mrefu nisimwone, kisha akaniita ofisini kwake.

"Mwalimu Sesilia," akasema, "ukiwa unaingia pale mlangoni, unajiambia nini?"

Nilidhani ananitega. Nikamwambia ukweli: najiambia kwamba leo tena wataniona mjinga.

"Basi ndiyo wanayoyasikia. Mabega yako yanawaambia kabla hujafungua mdomo." Akainuka, akanisimamisha na kunipanga kama mtu anayenyoosha nguzo: visigino, mgongo, kidevu. Akaniambia sauti nisiitoe kooni, niitoe tumboni, iwe nzito. "Halafu yale maneno yabadilishe. Ukifika nyumbani funga mlango, simama, fundisha somo la kesho lote kwa sauti. Jiambie wewe ni mwalimu. Sema mpaka masikio yako mwenyewe yakuamini."

Basi nikaanza. Darasa la pili lilitoka mapema kuliko madarasa makubwa, na mimi nilipita njia ya nyuma, kwenye mashamba, nikafika nyumbani saa ambayo watu waliamini walimu wote bado wako shuleni. Nilifunga mlango kwa aibu, nikasimama mbele ya kile kioo. "Mimi ni mwalimu. Nyamaza! Wewe wa nyuma, nakuona. Usidhani sikuoni. Njoo hapa mbele." Sauti yenyewe ilinitisha, ilikuwa nzito kama ya mama mtu mzima. Kisha nilifundisha hesabu. Zilikuwa hesabu za kutoa, za kitabu kile cha darasa la pili, mbuzi na kuku na embe. "Walikuwa wanne. Mmoja akafa. Wamebaki wangapi?" Nilirudia mara kumi, mara ishirini, nikitafuta mahali pa kushusha sauti. Mama Minza, akiwa anabangua karanga chumba cha pili, alicheka huku ameziba mdomo kwa kanga. Nikitoka aliniuliza, "Mwalimu, leo umemkaripia nani?" Siku nyingine alikuja akakaa kwenye kigoda mbele yangu, miguu ameinyoosha, akawa darasa langu. Nilimnyooshea kidole nikamwambia nakuona wewe, naye akajikunyata kama mtoto mtundu, tukacheka wote mpaka nikakaa chini. Nakumbuka furaha ya mchana ule kuliko ninavyokumbuka siku yangu ya harusi.

Upande wa pili wa minyaa aliishi Mama Shija. Alikuwa na watoto wanne, na yule wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na surua, kwa hiyo wiki zile yeye hakwenda shamba. Alikaa nyumbani mchana kutwa na mtoto mgonjwa mapajani, kijiji kimya, na akawa anasikia sauti. Mtoto alikufa siku ya Alhamisi. Nilikwenda msibani, nikaketi na wanawake, nikalia nao, na sikujua. Nilikuja kujua kama siku nane baadaye, kisimani, wanawake wawili walipokuwa wakisubiri zamu, mimi nimeshachota. Mmoja alisema baba yake Shija amekwenda kwa mganga, na mganga amesema adui mnatazamana naye mlango kwa mlango. Mwingine akasema kwani lilihitaji mganga, macho yale si mnayaona. Halafu akasema, "Na amesikiwa. Anajifungia mchana, anahesabu watoto wa mwenzake." Ndoo ilikuwa kichwani kwangu. Maji yaliniingia masikioni, na sikuinua mkono kuyafuta.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Minza yote. Alisikiliza, akaendelea kuchagua mawe kwenye mtama. "Watauliza," akasema, "nawe utawaambia." Kwake lilikuwa jambo jepesi hivyo. Na hata mimi, ninachokikumbuka ni unafuu: kwamba jambo lina jibu, jibu ninalo mimi, na ni la neno moja. Siku tatu nilijizoeza kimoyomoyo, maana kwa sauti sikuthubutu tena. Nikichota maji, nikifagia, nilikuwa nasema ndani kwa ndani: wazee wangu, ile sauti ni yangu, nilikuwa nasoma masomo ya watoto. Nilijiona nimesimama, kidevu juu. Mwalimu Lukas alikuwa amekwenda Kahama kufuatilia madaftari, na nilijiambia hata bila yeye nitaweza.

Mkutano uliitwa Jumapili baada ya ibada, uwanjani mbele ya ghala la pamba. Wanaume walikaa kwenye magogo na wanawake chini. Mama Minza aliketishwa peke yake katikati, kwenye kigoda walichomletea, kwa heshima, jambo ambalo mpaka leo linanichanganya. Mama Shija alisimama akaeleza. Hakuwa mwongo, nataka hilo lijulikane. Alisema kila neno kama nilivyolisema, akaliigiza hata pale niliposhusha sauti. Nyamaza. Nakuona. Njoo hapa mbele. "Na baada ya kuita hivyo akahesabu, 'Walikuwa wanne, mmoja akafa.' Mwanangu alikuwa hajafa! Alikuwa hapa, ananyonya!" Akapiga kifua chake, akakaa.

Mzee mmoja akauliza mbona yote hayo ni Kiswahili, na mama huyu Kiswahili hakijui. Nikadhani sasa wamefika. Lakini mwingine akamjibu hapo hapo, "Ndiyo ujue si yeye anayesema. Kuna kitu kinasemea mdomoni mwake." Wakaguna wote, wakakubali. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, ila wahenga hawakuwepo pale ghalani.

Mama Minza akasema kwa Kisukuma, bila kuinua sauti, "Ni mwalimu. Anasoma kazi yake ya shule. Muulizeni."

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Mwalimu, simama utuambie. Hiyo sauti umeisikia mle ndani?"

Nilisimama. Niliona macho ya kijiji kizima, wazee waliokuwa sawa na babu zangu, na magoti yangu yakakunjika yenyewe. Hakuna aliyeniambia nipige magoti. Nilitazama mchanga, mikono nimeipakata, kama nilivyofundishwa tangu sijaota meno ya pili. "Ndiyo," nikasema, "naisikia."

"Ni ya nani? Ni yako?"

Wiki ile yote nilidhani ndani yangu kuna sauti moja. Pale nilizisikia mbili. Moja ilisema, sema ni mimi. Nyingine, ile ya zamani, ilisema: wewe mgeni hapa. Ukisema ni yako, basi aliyehesabu watoto wa watu ni wewe, na kigoda kile utakikalia wewe. Watakuona. Machozi yakaanza kutiririka. Nilimsikia mwenyekiti akirudia swali kwa upole, nami nikazidi kuinama, paji la uso likakaribia magoti. Ndipo Mama Shija akapiga kelele, "Muoneni! Muoneni mtoto wa watu! Hata kumtazama hawezi. Ameshamfunga mdomo!" Na wanawake wakalia kwa huruma, wakiniona mimi. Mmoja akaja akanifunika kwa kanga yake, akaniondoa pale, na nikakubali kuondolewa.

Uamuzi ulikuwa ahame kesho yake, aende kwa binti yake. Mwenyekiti alisema huo ni wema, na kwa vijiji vingine vya miaka ile kweli ulikuwa wema. Jioni Mama Minza alipika kama kawaida. Tulikula, au yeye alikula. Nikamwambia asubuhi nitakwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, tutakuwa wawili tu, nitamwambia. Alinitazama kwa yale macho yake. "Kila siku unawakaripia watoto ambao hawapo," akasema. "Leo watu walikuwepo." Kisha akaosha sufuria.

Asubuhi nilikwenda. Mwenyekiti alikuwa akinywa uji. Nilipiga magoti, nikamwamkia kwa mwangaluka, akaitikia, akaniuliza usiku nimelala vipi, akaniita binti yangu, akasema nisiogope tena. Akauliza nina shida gani. Nikamwambia nimekuja kuomba ruhusa watoto wakate majani ya fagio za shule kule bondeni. Akanipa ruhusa. Nilipita kwenda darasani, na kabla ya mapumziko nilimwona Mama Minza akipita barabarani na mzigo kichwani, peke yake, anatembea kama mtu anayekwenda mnadani. Hakugeuka upande wa shule. Watoto waliomwona walijificha chini ya madirisha. Mimi nilikuwa na chaki mkononi, na ningeweza kutoka.

Wachunga ng'ombe walimkuta siku ya tatu, kwenye shamba la pamba, si mbali na barabara. Alikuwa amekatwa kwa mapanga. Polisi walikuja, wakaandika, wakauliza, na kila mtu akasema hakusikia kitu, kijiji kile ambamo karanga ikiungua inajulikana. Mwenyekiti alikuwa akirudia kwamba kijiji hakikumuua, kijiji kilimhamisha tu. Mwalimu Lukas aliporudi alinikuta ofisini nimekaa. "Ulisema?" akauliza. Nikamwambia nilisema, ila hawakunisikia. Alinitazama kitambo, akavua kofia, akaiweka mezani. Tumekutana naye mara nyingi miaka iliyofuata, kwenye harusi za watoto wetu, kwenye mikutano ya walimu, na kila mara aliniuliza habari za afya. Swali lile hakulirudia. Sasa hatalirudia tena, na siwezi kusema sikupumua waliposhusha jeneza.

Ninapaswa kueleza pia kilichotokea darasani, maana ndilo jibu nililomnyima yule binti wa Katoro. Jumatatu iliyofuata niliingia, na watoto sabini wakanyamaza. Sikuwa nimefungua mdomo. Walinitazama wote, hata yule mtundu wa nyuma, na nilipompa chaki mtoto mmoja aliipokea kwa ncha za vidole. Walikuwa wameambiwa makwao kwamba mwalimu amelala nyumba moja na mchawi na hakufa, kwa hiyo mwalimu si mtu wa kuchezea. Niliuona ule woga, na Mungu anisamehe, niliutumia. Nilinyoosha mgongo. Nilishusha sauti. Nilifundisha vizuri siku ile kuliko siku zote, na kesho yake vizuri zaidi, na kufikia mwisho wa muhula mabega yangu yalikuwa yameshasahau kuinama. Wakaguzi walikuja wakaandika kwamba mwalimu huyu ana haiba. Waliposema hivyo nilishukuru kwa Kiswahili fasaha, nikiwatazama machoni.

Minza alikuja kuchukua vyombo vya mama yake mvua zilipokuwa zimeanza. Nilikuwa nimehamia nyumba ya walimu, akanifuata huko. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mama yake. Hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni, sufuria na vyungu amevifunga kwenye kitenge, akanishukuru kwamba nilikaa vizuri na mama. Kisha akaanza kulia.

"Mwalimu," akasema, "wakwe zangu wananiambia mimi ni mtoto wa mchawi. Mume wangu ananitazama vibaya nikimbeba mtoto. Mimi nawaambia mama amesingiziwa. Lakini sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Ile sauti waliyoisikia, ilikuwa yake? Niambie tu, nitavumilia."

Sikupiga magoti. Hapakuwa na kijiji, hapakuwa na wazee, tulikuwa mimi na yeye, na mchana mweupe. Nilisimama wima kama nilivyofundishwa, visigino pamoja, kidevu juu, nikamtazama machoni bila kupepesa, na sauti ilipotoka ilitoka tumboni, nzito, tulivu, haina hata mtetemeko.

"Ilikuwa yake," nikasema.

Akaniamini.